Lonzo Lockett na Mtihani wa Agosti

Mimi simwamini mtu mwenye nguo safi. Si tabia nzuri, najua, na mchungaji wetu amenisema mara mbili mbele ya watu, lakini ukifua nguo za wachezaji miaka ishirini na sita, na wewe utakuwa hivi hivi. Kijana atakuapia kwamba amefanya mazoezi mpaka akatapika. Mfuko wake ukifika kwangu naunusa mara moja tu, najua alikuwa kivulini anakunywa maji. Kuna mmoja aliwahi kujimwagia maji ya bomba ili nidhani ni jasho. Nilimrudishia nguo zake mbichi, akazivaa hivyo hivyo.

Jina langu Earline Stallworth. Nafulia timu ya Chuo cha Tolliver, hapa Pruitt, Alabama, chuo cha watu weusi tangu babu zetu walipochoma matofali yake kwa mikono yao. Mpira wetu ni ule wa kubeba mkononi, wa helmeti na mabega ya plastiki. Mmoja anapewa mpira akimbie nao, na kumi na mmoja wa upande wa pili wanataka kumlaza chini. Huyo anayekimbia tunamwita mbeba mpira, na hapa Pruitt mbeba mpira mzuri anasalimiwa kabla ya shemasi.

Alonzo Lockett alikuja Agosti moja ya joto kali. Hakuitwa na mtu. Ufadhili hakuwa nao. Alikuja kujaribu bahati yake kama wengine thelathini wanaokuja kila mwaka na kurudi kwao baada ya wiki. Alitoka Sardis Bend, vijijini kabisa, mama yake akipasua kambare kiwandani. Alikuwa mfupi, mapaja manene, shingo hana. Kocha Gaines alimpa jezi namba ishirini na saba kwa sababu ndiyo iliyobaki kabatini.

Wiki ya kwanza ikaisha, na jezi ya huyu mtoto ilikuwa safi.

Udongo wetu ni mwekundu, na ukianguka juu yake utakuwa nao mpaka Krismasi. Wenzake walikuja kwangu kama watu waliofukuliwa. Yake ilikuwa na jasho, jasho la kweli, nilinusa mara mbili, lakini mgongoni hakuna doa, kifuani hakuna doa. Nikasema huyu ni mjanja mpya na ujanja wenyewe siujui. Siku ya Jumatatu nikamsubiri mlangoni.

"Wewe ndiye Lockett?"

"Ndiyo, Bi."

"Ndiyo, Bi nani? Nina jina."

"Ndiyo, Bi Earline."

"Unachezea wapi, wewe? Kwaya?"

"Uwanjani, Bi Earline."

"Uwanja gani huo hauna udongo?"

Akatazama viatu vyake kama ameshikwa na kosa. "Hawanikamati," akasema taratibu.

Nilicheka mpaka nikashika mashine. Nimesikia majigambo mengi katika chumba kile, lakini hayo yalisemwa kwa aibu, na majigambo ya aibu ndiyo yaliyonitia shaka zaidi. Nikaacha mashine zikizunguka, nikaenda kwenye uzio kuona mwenyewe.

Nilivyoona, hakukimbia kwa kasi. Hilo ndilo lililonishangaza. Alipokea mpira akawa karibu kusimama, hatua ndogo ndogo nyuma ya wenzake wanaomfungulia njia, kama mtu aliye mlangoni anangoja kuambiwa karibu. Kisha nafasi ikatokea, upana wa mlango wa choo, naye hakuwepo tena. Mikono ilishika hewa. Kocha Gaines aliitoa filimbi mdomoni akaitazama, akairudisha bila kuipuliza.

Nilimuuliza baadaye alijifunzia wapi. Alisema kwao walikuwa binamu tisa katika uwanja mmoja mwembamba, katikati ya nyumba mbili za mabati na mtungi wa gesi, na mama yake alitundika nguo humo humo. Walikuwa wakikimbizana, na aliyegusa nguo alichapwa. Hapo nikampenda, sitaki kusema uongo. Mtoto aliyefundishwa kuheshimu nguo iliyofuliwa ana mama.

Basi akawa anakuja Jumanne mchana kukaa kwangu. Wachezaji wote wanaweka nguo zao katika mifuko ya wavu yenye namba, naufua mfuko na nguo zikiwa ndani, nauanika, naurudisha. Mifuko themanini na minane. Baada ya mwezi Lonzo aliijua yote bila kusoma namba, kwa jinsi kila mtu alivyofunga mfuko wake. Alikuwa akisomea ualimu wa sayansi, kitabu gotini, mkono kwenye bakuli langu la karanga za kuchemsha, na akiona nimekosea kupanga ananiambia, "Bi Earline, huo wa Tibbs, si wa Hargrove." Nami namwambia afunge mdomo, halafu natazama, na ni kweli ni wa Tibbs.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Kila Agosti, kabla msimu haujaanza, wachezaji wanaketishwa mmoja mmoja mbele ya kompyuta ya daktari wa timu. Inawaonyesha maneno kumi na mawili, kisha inawauliza waliyaona yapi. Inawaonyesha maumbo na rangi, wabonyeze haraka. Alama zinawekwa. Mtu akipigwa kichwa katikati ya msimu, anarudia mtihani ule ule, na akipata chini ya alama zake mwenyewe za Agosti, anakaa nje mpaka apone. Mtihani mzuri. Waliouleta walikuwa watu wazuri, lakini hawakuwajua watu wetu. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha wachezaji walikuwa wameshaupatia dawa: ukiingia Agosti, ingia mjinga. Kosea makusudi. Jiwekee alama za chini kabisa, ili hata ukipigwa na gari moshi Oktoba, mtihani useme huna neno. Wakubwa waliwafundisha wadogo, na kila aliyefanya kazi katika jengo lile alijua, kuanzia mfagiaji mpaka mimi.

Lonzo alikuja kuniuliza siku moja kabla ya mtihani wake wa kwanza.

"Bi Earline, wakubwa wananiambia nikosee. Mama alinifundisha nisidanganye kwenye mtihani."

"Mama yako anacheza mpira?"

"Hapana, Bi."

"Basi sikiliza." Nikamwambia habari za mpwa wangu Cleophus, ambaye alisema ukweli wote Agosti, akaumwa kichwa kidogo Septemba, akakalishwa wiki tatu. Aliporudi nafasi yake ina mwenyewe, na mwaka uliofuata ufadhili haukurudi. Leo anaendesha lori la kuku. "Wakikuonyesha maneno kumi na mawili, wewe kumbuka matano. Wanaokumbuka yote wanayakumbukia benchi."

"Matano tu?"

"Sita, kama utaona haya."

Alicheka, nikamjazia karanga. Niliona nimemtendea wema. Mimi ninayemshuku kila mtu, siku ile sikujishuku.

Mechi ya tatu mbeba mpira wetu alivunjika kifundo cha mkono, na Kocha akageuka benchi akakuta hana mwingine. Lonzo aliingia na jezi safi. Mara ya kwanza kupewa mpira alikwenda yadi sitini na moja, na alipovuka mstari wa mwisho aliwapa waamuzi mpira kwa mikono miwili kama anamrudishia jirani sufuria. Wiki iliyofuata ufadhili ukatokea, ule ambao ofisi ilisema umekwisha. Nilitaka kujua ulikuwa umejificha wapi, lakini sikuulizwa.

Mwaka wa pili alikimbia yadi elfu moja na mia nne. Bendi yetu ilimtungia mdundo wake, ngoma tatu na tarumbeta, na ukisikika hata wazee wanaotembelea magongo walisimama. Kinyozi wa barabara kuu alianza kunyoa watoto kwa mtindo wa kichwa cha Lonzo. Mama yake, Bi Rosetta, alikuwa akitoka zamu ya Jumamosi moja kwa moja mpaka uwanjani, safu ya nne, bado na mabuti ya mpira ya kiwandani, na watu walimwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji, nusu kwa heshima na nusu kwa harufu ya samaki. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Kwa hiyo alipiga makofi kwa kiganja na paja.

"Mama akiacha samaki, Bi Earline," Lonzo aliniambia Jumanne moja, "mimi nitacheka siku nzima." Hakusema gari, hakusema jumba. Alitaka timu za kulipwa zimchukue ili mama yake aache samaki, na sikuwahi kusikia akitaka kitu kingine.

Kisha wakaja watu wa kofia. Walisimama kwenye uzio wakati wa mazoezi, kofia za timu za kulipwa, miwani ya jua, madaftari. Kila mmoja alitabasamu. Mtu asiyekujua akikutabasamia hivyo, shika mkoba wako. Nikatoka na kikapu changu kiunoni.

"Mmepotea, baba zangu?"

"Hapana, mama. Tunamtazama namba ishirini na saba."

"Mnada wa ng'ombe ni Alhamisi, barabara ya Selma."

Walicheka. Mmoja akaandika kitu, na mpaka leo nashuku aliandika hayo maneno yangu. Kocha Gaines alinifuata chumbani jioni. "Earline, usiwatishe wageni. Wale wamemjia mtoto."

"Ndilo linaloniogopesha, Kocha. Wamemjia mtoto."

Nilikuwa nikitazama uzio. Nilidhani balaa litaingia na kofia na tabasamu, nami nimekaa langoni nalingojea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi, mfuaji, sikusikia.

Mwaka wa tatu, Jumamosi ya pili ya Oktoba, walinzi wawili walimfikia kwa wakati mmoja. Sauti ya helmeti ilifika mpaka safu za juu. Alilala kidogo, akainuka, akajipangusa, akatembea kwa mwendo wake wa kawaida mpaka benchi la wapinzani, akakaa.

Uwanja mzima ulicheka. Tulidhani anawadhihaki. Bendi ikapiga mdundo wake, watu wakasimama wakimpungia, jamaa mmoja nyuma yangu akasema, "Kijana ana dharau huyu, ameenda kuwaomba maji." Nilicheka na mimi, nilicheka sana. Mtu mmoja tu katika safu ya nne hakucheka, lakini wakati ule sikumtazama.

Jumapili daktari wa timu, Dokta Nadine Yarbrough, alimkalisha mbele ya kompyuta. Alipata zaidi ya alama zake za Agosti. Jumamosi iliyofuata alikimbia yadi mia moja na themanini, akapigwa tena, akapimwa tena, akafaulu tena.

Ndipo mfuko wake ulipoanza kusema. Kwanza soksi mbili zisizofanana. Halafu fulana ya mtu mwingine. Halafu taulo lenye harufu ya matapishi yaliyosuuzwa haraka, na hiyo harufu haidanganyi mtu wa kazi yangu. Jumanne aliniletea mfuko wa Hargrove akanikabidhi kama wake, yeye aliyejua mifuko themanini na minane kwa fundo. Jumanne iliyofuata hakuja. Nikamwona njiani, kofia imeshushwa mpaka puani.

"Lonzo, mbona umenihama?"

"Mashine zako zina kelele, Bi Earline."

"Zilikuwa kimya zamani?"

Akaishusha kofia zaidi, akapita. Nikaanza kushuku, na mimi nikishuku nashuku kwa mpangilio. Nilishuku pombe, nikanusa kila shati, hakuna. Nilishuku msichana, lakini msichana anaacha manukato. Nilishuku vidonge. Nilishuku wale wa kofia wamempa kitu. Nilimshuku hata Tibbs anayelala naye chumba kimoja, kwamba anamwekea kitu kwenye chakula ili apate nafasi yake, na Mungu anisamehe kwa hilo kwa sababu Tibbs ndiye aliyekuwa akimfunga kamba za viatu asubuhi. Mwisho nikafanya jambo ambalo kwa miaka ishirini na sita sikulifanya. Nikaingiza mkono katika mifuko ya suruali yake.

Kulikuwa na vikaratasi vitano, vimekunjwa vidogo. Nikavifungua juu ya mashine.

Kimoja kiliandikwa: Carver, chumba 214, ngazi ya pili, kushoto. Hicho kilikuwa chumba chake mwenyewe cha bweni, alichokaa mwaka wa tatu sasa. Kingine: Mpigie Mama Jumapili, na chini yake, nimempigia, nimempigia, nimempigia, mara tatu. Viwili vilikuwa mipango ya mechi. Cha tano kiliandikwa kwa herufi kubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza: Bi Earline ni yule mama wa kufua. Mzuri. Ana karanga.

Nilikaa chini sakafuni. Mashine ilimaliza kuzunguka ikalia, ikaendelea kulia, sikuinuka kuizima. Nilikuwa nimetafuta mwizi nje kwa miaka mitatu, kumbe mlango niliufungua mimi.

Nikamtuma Tibbs amlete. Alikuja, akasimama mbali na taa.

"Vikaratasi hivi ni vya nini?"

"Ni vya masomo."

"Chumba chako ni somo?"

"Bi Earline, nipe."

"Sikupi. Kichwa kinauma tangu lini?"

Alitazama mlango. "Hakiumi sana. Kinapiga tu nikiinama. Mechi imebaki moja, Bi Earline. Moja tu. Jumamosi na Chuo cha Calloway, wale wa kofia wanakuja tisa, Kocha ameniambia tisa. Baada ya hapo nitalala mwezi mzima. Nitalala mpaka unichoke."

"Mwambie Dokta."

"Dokta amenipima mara mbili. Nimefaulu."

"Umefaulu kwa sababu Agosti ulijifanya mjinga."

"Na nani aliniambia?" Hakusema kwa hasira. Aliuliza kwa upole, na nikaona kwamba aliuliza kweli, hakuwa na uhakika. Alikunja uso akitafuta. "Ni wewe, au ni Hargrove?"

"Ni mimi."

"Basi," akasema, kama mtu aliyeshinda kesi. "Basi huwezi kunisema."

Akaondoka na vikaratasi vyake. Ilikuwa Jumatano.

Nilikuwa na siku moja ya kuchagua, na nitasema ukweli, niliitumia vibaya. Niliwaza mambo ya Jumamosi. Niliwaza mikono ya Bi Rosetta. Nilijiambia kwamba mechi moja haiui, na nikajiambia pia kwamba Dokta lazima anajua, na Kocha lazima anajua, na kama wenye shahada wamenyamaza mfuaji ni nani. Nikawashuku wote mpaka nikachoka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hayakuwa yangu ya kuyaficha. Alhamisi asubuhi nikavua aproni nikapanda kwa Dokta Yarbrough.

Nilimweleza yote: vikaratasi, matapishi, benchi la wapinzani, na yale maneno matano. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akafungua kompyuta akanigeuzia.

"Hizi ni alama za Lockett za Agosti. Na hizi za Tibbs. Na za Hargrove. Unaona? Kwa mujibu wa hizi, nina timu nzima ya watoto wa miaka saba."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilishuku, Bi Earline. Kila mwaka nashuku. Naandika, napeleka juu, naambiwa lete ushahidi. Hakuna mtu aliyewahi kuingia mlango huu akaniambia."

"Sasa nimekuambia."

"Utayasema hayo mbele ya Kocha? Kwamba ulimfundisha wewe?"

Nikasema nitasema, na nikasema. Kocha Gaines aliniangalia kana kwamba nimemwibia gari. Hakunifukuza. Aliacha kunisalimu, basi, na mpaka leo ananipita kwenye korido. Lonzo alipimwa upya siku ile ile kwa njia nyingine, mtu kwa mtu, na ilipofika jioni jina lake lilikuwa limetolewa. Wachezaji wote waliambiwa watarudia mtihani, na mifuko ya nguo ikaanza kutupwa mlangoni kwangu bila salamu.

Jumamosi tulifungwa na Calloway kwa pointi tatu. Watu wa kofia walikaa nusu ya kwanza, wakaondoka. Kanisani Jumapili, Pruitt nzima ilikuwa ikimtafuta msaliti. Wengine walisema ni Dokta, eti alisoma Calloway. Wengine walisema ni wale wazungu wa timu kubwa. Shemasi aliniuliza mimi naonaje, kwa kuwa natambulika kwa kushuku. Nikamwambia mara hii simshuku mtu.

Jumanne, Lonzo akaja. Hakuwa amekuja bila kuitwa tangu mwezi uliopita, na siku hiyo alikuja, miwani myeusi machoni, akakaa kwenye kiti chake.

"Kuna mtu amenisema, Bi Earline. Kocha hataki kuniambia. Namshuku Tibbs. Namshuku Dokta. Nimewahesabu wote." Akavua miwani. "Wewe tu ndiye ninayekuamini."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemwambia.

"Ni mimi, Lonzo. Mimi ndiye niliyekusema."

Akairudisha miwani machoni. Kisha akalipiga teke bakuli la karanga, akapiga kikapu, akasema maneno ambayo mama yake angemchapa. Alisema nimemchukulia mama yake maisha. Na mimi nilikuwa na maneno hayo hayo kichwani. Akatoka, nikaokota nguo moja moja.

Jumanne iliyofuata akaja tena. Alikuwa anatabasamu.

"Bi Earline, karanga zipo?" Akakaa. Akashusha sauti. "Kuna mtu amenisema. Nimewahesabu wote. Wewe tu ndiye ninayekuamini."

Nilimtazama machoni nikitafuta ujanja, maana nilitaka sana uwe ujanja. Haukuwepo. Nikamwambia upya, kutoka mwanzo, na safari hii hakupiga teke kitu. Alilia, kwa sababu alinielewa, na kwa sababu nilimwambia kwamba wiki iliyopita nilimwambia.

Bi Rosetta alikuja kumchukua kabla ya Krismasi. Aliingia chumbani kwangu kufuata nguo zake, na mabuti yake yaliacha maji sakafuni.

"Wewe ndiye uliyemsema?"

"Ndiyo, dada."

"Niliona alipokaa benchi lile. Niliona, nikajiambia watu wanacheka, basi ni mzaha." Akauchukua mfuko wa ishirini na saba, akaukumbatia. "Na ule mtihani? Nani alimfundisha mwanangu kujifanya mjinga?"

"Mimi."

Alisimama pale mpaka nikadhani atanipiga, na ningemshukuru. Kisha akatoka bila kuaga. Bado yuko kiwandani.

Dokta aliniambia kumbukumbu zinaweza kurudi, kwa vijana wengi zinarudi, kwa kupumzika, bila mpira, bila kelele. Simwamini daktari anayesema inaweza. Lonzo akarudi chuoni katikati ya Januari kumalizia ualimu. Jumanne ya kwanza nikachemsha karanga nikangoja, na nilikuwa nimejipanga kumwambia mara ya tatu. Hakuja. Jumatano nikamwona anapita mbele ya mlango wangu na vitabu, akatazama ndani, akaniona, akaendelea na safari yake. Alhamisi vivyo hivyo.

Nikashuku, kama kawaida yangu. Labda hakuniona. Labda hanijui tena kabisa, hata kikaratasi changu kimepotea. Ijumaa sikuvumilia, nikatoka mpaka kwenye korido.

"Lonzo."

Akasimama, hakugeuka mara moja.

"Unanijua mimi ni nani?"

Akageuka. Uso wake ulikuwa mgumu. Sijawahi kutazamwa na mtu kwa chuki iliyonyooka namna ile.

"Nakujua, Bi Earline. Uliniambia nikosee, halafu ukanisema. Uliniambia mwenyewe, humo chumbani mwako, mara mbili. Sitaki karanga zako, na usiniite tena."

Akaenda zake. Mimi nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka watu wa ofisi ya juu wakagonga sakafu.